Hawakwenda Kupunga Upepo

Nimecheza mpira wa vinyoya miaka mingi, na maneno ninayoyasikia benchini wakati wa kusubiri zamu ni yale yale. Mtu akitaja All England, mashindano yanayochezwa Birmingham kila mwezi Machi, hakosi mwingine wa kudakia: hayo yalianza kama starehe ya mabwana na mabibi wa Kiingereza waliocheza uani baada ya chai, wanawake wakiwa pambo na wanaume wakisubiri msimu wa tenisi ufike. Wengine huenda upande wa pili kabisa, wakashikilia kwamba tangu siku ya kwanza yalikuwa mashindano ya ubingwa wa dunia. Maneno haya nimeyasikia kwa watu wanaokipiga kinyoya vizuri kuliko mimi, na ndiyo maana yananiuma. Anayeupenda mchezo anastahili kuwajua waliomtangulia. Basi nitayachukua madai hayo moja moja, na penye ukweli nitaukubali.

Tuanze na hilo la uani. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 watu wengi waliucheza mchezo huu juu ya majani, Uingereza na India pia. Lakini mashindano tunayoyazungumzia hayakuanzia kwenye majani. Yalifunguliwa tarehe 4 Aprili 1899 ndani ya jengo la kwata la kikosi cha London Scottish, Buckingham Gate, mjini London. Yakachezwa hapo hadi 1901. Mwaka 1902 yakahamia Crystal Palace, lile jumba kubwa la vioo kusini mwa jiji, na kuanzia 1903 hadi 1909 yakawa katika makao ya kikosi kingine, London Rifle Brigade, mtaa wa Bunhill Row. Mwaka 1910 yakaingia katika ukumbi wa Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani, Westminster, yakakaa humo hadi 1939. Huenda neno hilo “bustani” ndilo linalowapotosha watu, ila ule nao ulikuwa ukumbi wenye paa na kuta.

Kwa nini majengo ya askari? Kwa sababu mahali pa kupigia kwata panahitaji vitu vile vile vinavyohitajiwa na kinyoya: sakafu pana na tambarare, paa la juu, na nafasi isiyokatwa na nguzo. Kinyoya cha leo kina manyoya 16 na uzito wa kati ya gramu 4.74 na 5.50. Upepo mdogo tu unakihamisha njia. Yeyote aliyejaribu kuucheza mchezo huu ufukweni alasiri anajua jinsi pigo zuri linavyogeuka aibu kwa sababu ya upepo wa bahari. Watu walioamua kuyaingiza mashindano yao chini ya paa walikuwa wameshachagua: anayeshinda ashinde kwa mkono na mguu wake, si kwa bahati ya upepo. Huo si uamuzi wa watu waliokwenda kupunga upepo.

Dai la pili linapendwa sana kwa kuwa lina hadithi tamu. Mchezo huu, wanasema, ulibuniwa siku moja ya mvua katika Badminton House, nyumba ya Duke wa Beaufort huko Gloucestershire, kwa hiyo mashindano yake hayakuwa ila mwendelezo wa michezo ya sebuleni ya makabaila. Jina limetoka kwenye nyumba hiyo, sibishi. Lakini kupigiana kinyoya kwa vibao ni mchezo wa kale sana, tena wa watu wa nchi nyingi. Mwaka 1860 Isaac Spratt, muuza vitu vya kuchezea wa London, alikuwa ameshachapisha kijitabu kuhusu mchezo wenye jina hilo hilo la Badminton, miaka kadhaa kabla ya ile siku ya mvua inayosimuliwa kwa kawaida kuwa ya 1873. Na waliougeuza kutoka burudani kuwa mchezo wenye mistari, hesabu na kanuni ni hasa maofisa wa jeshi la Uingereza na familia zao nchini India. Mji wa Pune huko India uliupenda kiasi kwamba mchezo wenyewe uliitwa Poona.

Maofisa hao waliporudi kwao waliunda klabu, hasa katika miji ya pwani ya kusini. Septemba 1893, katika nyumba iliyoitwa Dunbar huko Southsea, wawakilishi wa klabu 14 waliunda Chama cha Badminton ili klabu zote zifuate kanuni moja. Hapo ndipo pa kutafuta mzizi wa mashindano ya 1899, kwa watu waliochoka kubishana kuhusu kanuni wakakubaliana kuziandika. Duke hahusiki. Kama kuna deni la shukrani, sehemu yake kubwa iko India, nasi tumezoea kuisahau.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo wachezaji wa leo hushangaa wakiambiwa. Uwanja wa mashindano ya kwanza haukuwa mstatili. Ulikuwa mpana kwenye ncha zote mbili na mwembamba katikati, penye wavu, mfano wa kiuno cha dondora. Simulizi ziko kadhaa kuhusu sababu yake, nyingi zikitaja milango ya chumba fulani iliyofungukia ndani. Umbo hilo liliachwa mwaka 1901. Nalitaja kwa sababu wapo wanaolitumia kama ushahidi kwamba mchezo ulikuwa bado wa kitoto. Mimi naona kinyume chake. Mtu aliyecheza kwenye uwanja uliobanwa kiunoni alikosa ile nafasi ya kukidondosha kinyoya kwa mshazari karibu na wavu, pale ambapo sisi tunapata alama rahisi. Mstari wa pembeni ulimsogelea kila alipokaribia wavu. Ilimbidi atafute ushindi wake kwingine, kwa urefu wa pigo na kwa subira. Na chama kilipoona umbo hilo linaudhulumu mchezo, kililiondoa baada ya mashindano machache tu. Mchezo wa kitoto haujirekebishi upesi namna hiyo.

Sasa nifike kwenye dai linalonikera kupita yote: kwamba wanawake walikuwa pambo.

Siku ya kwanza kabisa, mwaka 1899, kulikuwa na vikombe vitatu tu, vyote vya wawili wawili: wanaume, wanawake, na mchanganyiko. Yaani katika vikombe vitatu, viwili havikuweza kuchezwa bila mwanamke uwanjani. Mwaka uliofuata yakaongezwa mashindano ya mmoja mmoja, ya wanaume na ya wanawake kwa pamoja, mwaka huo huo. Tulinganishe na Wimbledon, ambayo hakuna anayeiita mchezo wa chai. Pale wanaume walianza mwaka 1877, na wanawake wakangoja hadi 1884. Ubingwa wa wanawake wawili wawili na wa mchanganyiko ukachelewa kuwa rasmi hadi 1913. Kitu ambacho tenisi ilichukua miaka 36 kukikamilisha, mpira wa vinyoya ulikikamilisha kwa mwaka mmoja. Sisemi kwamba waandaaji walikuwa wapigania haki. Nasema walikuwa wamewaona wanawake hao wakicheza klabuni, wakajua hakuna mashindano ya maana bila wao.

Halafu tazama wenyewe walivyocheza. Kuanzia 1900 hadi 1910, miaka 11 mfululizo, ubingwa wa mwanamke mmoja mmoja haukutoka mikononi mwa watu wawili: Ethel Thomson na Meriel Lucas. Thomson alichukua 1900 na 1901. Lucas akamnyang’anya 1902. Thomson akaurudisha 1903 na 1904, Lucas akauchukua 1905, Thomson 1906, kisha Lucas akaukamata mara nne mfululizo, 1907 hadi 1910. Mataji matano kwa sita. Hebu fikiri maana yake: kila mwaka, mmoja anarudi nyumbani bila kikombe, anafanya mazoezi majira yote ya baridi kwa ajili ya mtu mmoja anayemjua kwa jina na kwa pigo, na mwaka unaofuata anarudi tena. 

Na jambo linalonigusa zaidi ni kwamba wanawake hao hao wawili walicheza upande mmoja wa wavu katika mashindano ya wawili wawili, wakachukua ubingwa pamoja mwaka 1902, 1904, 1905 na 1906. Mahasimu katika kikombe kimoja, wenzi katika kingine, chini ya paa lile lile. Kila mmoja aliujua mchezo wa mwenzake kama kiganja cha mkono wake, udhaifu na yote, na bado hakuna aliyeweza kummaliza mwenzake moja kwa moja. Walifanya hayo wakiwa wamevaa sketi ndefu zilizokaribia kufika chini, katika mchezo unaodai kuruka, kupinda mgongo na kurudi nyuma kwa haraka. Lucas alimaliza na mataji 17: sita ya peke yake, kumi ya wanawake wawili wawili, na moja la mchanganyiko. Thomson alikuwa na 11. Ukimwita mtu wa namna hiyo pambo, nitakuomba kwa heshima uingie uwanjani ucheze na bibi mmoja wa miaka sabini ninayemfahamu, kisha tuzungumze upya.

Kutoka hapo tunaingia moja kwa moja katika dai la tenisi. Inasemwa kwamba hawa walikuwa wachezaji wa tenisi waliotafuta pa kujihifadhi wakati wa baridi, au walioshindwa huko wakaja kujipoza huku. Sehemu ya kwanza ina ukweli. Viwanja vya majani havichezeki Januari, na wengi walicheza michezo yote miwili. Sydney Smith, bingwa wa kwanza wa wanaume mmoja mmoja mwaka 1900, ndiye huyo huyo aliyeshinda Wimbledon wawili wawili mwaka 1902 na 1906 pamoja na Frank Riseley. Lakini walioshindwa? Ethel Thomson, akiwa na jina la ndoa la Larcombe, alishinda ubingwa wa Wimbledon wa mwanamke mmoja mmoja mwaka 1912. Taji lake la kwanza la mpira wa vinyoya alikuwa amelipata miaka 12 kabla. Kwake vinyoya vilitangulia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Dorothea Douglass, aliyejulikana baadaye kama Lambert Chambers. Huyu alishinda Wimbledon mara saba kati ya 1903 na 1914, na katika miaka hiyo hakuna mwanamke aliyemkaribia kwa mataji hayo. Katika mpira wa vinyoya alipata ubingwa pia: mwaka 1903 wanawake wawili wawili, pamoja na Mabel Hardy, na 1904 mchanganyiko, pamoja na Henry Marrett. Hayo si mafanikio madogo. Ila ukiipitia orodha ya mabingwa wa mwanamke mmoja mmoja, jina lake halimo hata mara moja. Malkia wa Wimbledon, katika miaka yake bora kabisa, na safu ile ya peke yake inasomeka Thomson, Lucas, Thomson, Lucas. Kama huu ulikuwa mchezo wa akiba kwa wachezaji wa tenisi, basi mchezaji wa tenisi mkubwa kuliko wote angeutawala. Haukumtii, kwa sababu ni mchezo mwingine. Mpira wa tenisi unadunda, unakupa nukta moja ya kufikiri. Kinyoya hakidundi, kikigusa chini habari imekwisha. Mkono wa tenisi unapiga kwa bega na kiwiko, ilhali raketi nyepesi ya vinyoya inataka kifundo cha mkono. Wanaocheza yote miwili wanaelewa ninachosema.

Lipo dai jingine linalofanana na hilo, kwamba wanaume wa wakati ule walikuwa waungwana wasiojali kushinda. Hapa inabidi nikubali jambo kwanza. Ndiyo, mlango wa mchezo huu ulikuwa mwembamba. Maofisa wa jeshi, familia zenye nafasi, watu wenye muda wa kucheza mchana. Mfanyakazi wa kiwandani hakuwa na njia ya kufika Bunhill Row na raketi mkononi, na hakuna sababu ya kuficha hilo. Lakini kuwa na nafasi si sawa na kutojali. George Thomas alipata taji lake la kwanza la All England mwaka 1903 na la mwisho mwaka 1928, jumla 21. Mtu huyo huyo alikuwa bingwa wa sataranji wa Uingereza mara mbili, mwaka 1923 na 1934. Mwaka 1923 alikuwa na ubingwa wa sataranji wa nchi nzima na ubingwa wa All England wa mmoja mmoja kwa pamoja. Ukoo wake haukucheza kwa mzaha: mama yake, Lady Edith Thomas, alishinda mashindano ya sataranji ya wanawake huko Hastings mwaka 1895. Na Stewart Massey, aliyeshinda wanaume wawili wawili mwaka 1899 pamoja na D. W. Oakes, aliandika kitabu kizima kuhusu mchezo huu mwaka 1911, kikiitwa Badminton tu. Hakuna anayekaa chini kuandika kitabu juu ya jambo asilolijali.

Madai mawili madogo nayapitia haraka. La kwanza, kwamba All England ndiyo mashindano ya kwanza ya wazi ya mpira wa vinyoya. Sivyo. Guildford iliandaa yake Machi 1898, mwaka mmoja kabla, na mafanikio yake ndiyo yaliyowapa watu wa chama moyo wa kujaribu London. La pili, kwamba yamechezwa kila mwaka bila kukatika. Hayakuchezwa kuanzia 1915 hadi 1919, wala kuanzia 1940 hadi 1946. Ni miaka 12 ya ukimya, na sababu yake ni vita viwili vya dunia.

Sasa wale wa upande wa pili, wanaoyapandisha hadhi kupita kiasi. Wanasema ubingwa wa London wa miaka hiyo ulikuwa ubingwa wa dunia. Mcheza kwao hutunzwa, na washindi wa miaka ya mwanzo walitunzwa kwao. Mechi ya kwanza ya timu za taifa ilichezwa mwaka 1903, Dublin, kati ya Uingereza na Ireland, yaani majirani wa kuvuka mlango wa bahari. Shirikisho la kimataifa halikuzaliwa hadi Julai 1934, likiwa na vyama tisa tu: England, Scotland, Wales, Ireland, Denmark, Uholanzi, Ufaransa, Kanada na New Zealand. Rais wake wa kwanza alikuwa George Thomas tuliyemtaja. Mwaka 1939 ndipo taji la wanaume mmoja mmoja lilipokwenda Denmark kwa Tage Madsen, na la wanawake likaenda Kanada kwa Dorothy Walton. Mwaka 1950 Wong Peng Soon wa Malaya akalichukua la wanaume. Mashindano yenye jina rasmi la ubingwa wa dunia yalianza mwaka 1977, Malmö, Uswidi.

Kwa hiyo heshima ya “ubingwa wa dunia usio rasmi” ni ya kweli, ila All England iliipata polepole, kadiri watu wa mbali walivyokuja na kushinda. Kuirudisha heshima hiyo hadi 1899 ni kuwapunja kina Madsen na Wong waliovuka bahari kuileta. Wala Lucas na Thomson hawahitaji kukopeshwa sifa hiyo.

Limebaki moja. Inasemwa kwamba kizazi hicho cha kwanza kilikufa na Vita vya Kwanza vya Dunia, kwamba All England iliyofufuka mwaka 1920 ilikuwa kitu kipya cha watu wapya, na kwamba ya kabla ya 1914 ni kama zama za kale zisizohusiana nasi. Ni kweli vilikuja vipaji vipya: Kitty McKane alichukua taji la wanawake mwaka huo wa 1920, na baadaye akashinda Wimbledon mara mbili, 1924 na 1926. Lakini angalia nani alishinda upande wa wanaume mwaka ule ule. George Thomas, mwenye umri wa miaka 38, aliyekuwa ameshakusanya mataji ya wawili wawili na ya mchanganyiko kabla ya vita bila kupata hata moja la peke yake. Alilipata sasa, akalishikilia hadi 1923. Lavinia Radeglia, bingwa wa wanawake wa 1913 na 1914, alivipisha vita vipite, akangoja, na mwaka 1923 akalitwaa tena. Na Margaret Larminie alishinda mwaka 1911, akashinda tena 1912 kwa jina lake la ndoa, Tragett. Aliandika riwaya, na bado hakuiacha raketi. Mwaka 1928, katika ukumbi ule ule wa Westminster, akiwa na zaidi ya miaka arobaini, Margaret Tragett alikuwa bingwa tena.